Gari Litakalonifundisha Kungoja



Jamaa zangu wa Malindi na Mombasa waliposikia kwamba nimepatwa na ajali huku Turkana, walinipigia simu mmoja baada ya mwingine. Walinipa pole, wakamshukuru Mwenyezi Mungu kwa usalama wetu, kisha kila mmoja akauliza swali lile lile: "Sasa utanunua gari gani?" Kila mmoja nilimpa jibu tofauti, maana kila siku nilikuwa na gari jipya moyoni. Ilinichukua zaidi ya miezi mitatu kutambua kwamba swali lenyewe sikuwa nimelielewa. Naandika haya kwa kuwa ajali haimchagui mtu, na huenda mmoja wenu, Mungu apishie mbali, akaketi siku moja na fedha za bima mkononi, akijiuliza kama nilivyojiuliza mimi.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi. Huu ni mwaka wangu wa sita nikiwa mhasibu wa shule moja ya sekondari huko Kakuma, mji unaojulikana ulimwenguni kwa kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Mke wangu na watoto wetu watatu wanakaa Lodwar, makao makuu ya kaunti, umbali wa takriban kilomita 120. Jumatatu alfajiri huondoka nyumbani, na Ijumaa baada ya swala hurejea. Kwa miaka minne safari hiyo niliifanya kwa gari langu, Toyota Fielder jeupe, nililolinunua kwa akiba yangu bila ya kudaiwa hata senti.

Kwa ndugu wasioijua nchi hii, sharti nieleze laga ni kitu gani. Laga ni mto usio na maji: ukanda wa mchanga mkavu ambao kwa miezi mingi mbuzi hupita, watoto hucheza mpira, na akina mama huchimba visima vya kutekea. Kwa mwaka mzima Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200, yaani kama sehemu moja ya tano ya ile inyeshayo Mombasa. Lakini mvua yaweza kunyesha mbali, kwenye milima ya mpakani mwa Uganda, ilhali juu ya kichwa chako mbingu ni safi na jua linachoma. Baada ya saa kadhaa maji huja kwa ngurumo, yamebeba magogo na mizoga, na ule uwanja wa mpira huwa mto.

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwezi wa Aprili, shule zimefungwa. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa amekaa nami Kakuma siku mbili, nasi tulikuwa tukirejea nyumbani. Niliiacha barabara kuu kwa muda mfupi ili nimfikishie mzazi mmoja stakabadhi za karo za bintiye. Tulipokuwa tukitoka huko, laga ndogo tuliyoipita ikiwa kavu saa moja kabla ilikuwa inatiririka. Ukingoni alikuwa ameketi mzee mmoja wa Kiturkana juu ya kigoda chake, pamoja na vijana wake wawili na mbuzi wao. Alikuwa amechomeka kijiti mahali maji yalipokomea.

"Mwalimu," aliniita, maana huku kila atokaye shuleni ni mwalimu, "ngoja. Hii maji bado inapanda. Ukiona kijiti iko kwa mchanga, hapo ndio wewe unapita."

Nilitazama saa. Nilimfikiria mke wangu aliyekuwa ametuandalia chakula. Nilitazama maji, nikayakadiria hayazidi nusu ya gurudumu. Laga ile nilikuwa nimeivuka mara nyingi, na upande wa pili ulikuwa karibu kiasi cha kurusha jiwe. Nikamwambia mwanangu afunge mkanda vizuri, nikaingia.

Sitarefusha habari ya dakika zilizofuata. Injini ilizima katikati, mchanga ukaanza kuliwa chini ya magurudumu, na gari likageuka ubavu. Vijana wale wawili walitufikia kwa kushikana na kamba ya kufungia mbuzi, wakamtoa mwanangu kwanza kupitia dirishani, kisha mimi. Yeye alipoteza kiatu kimoja. Tulipogeuka kutazama, gari lilikuwa linakwenda na maji, limeinamisha pua, na halikusimama mpaka lilipokwama kwenye mgunga mita mia tatu hivi chini ya pale. Mzee hakunilaumu. Alimvua mwanangu shati lililolowa, akamfunika kwa shuka yake. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi Mola alinihurumia, yakavunjika mali tu.

Siku ya pili yake nilianza kujaza fomu ya kampuni ya bima. Palikuwa na nafasi iliyonitaka nieleze kwa maneno yangu jinsi ajali ilivyotokea. Rafiki mmoja mwenye uzoefu wa mambo hayo alinishauri kwa nia njema: "Andika kwamba ulikuwa unavuka, maji yakakukuta katikati. Hilo si uongo. Ukiandika kwamba ulionywa, watakunyima." Niliandika hivyo kwenye karatasi ya majaribio, nikamsomea mke wangu. Mwanangu, tuliyedhani amelala, aliinua kichwa kutoka mkekani akasema, "Lakini Baba, si yule babu alituambia tungoje?"

Palinyamaza kimya. Niliichana karatasi ile, nikaandika upya kwamba niliyaona maji, nilionywa, na niliingia kwa hiari yangu. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba mkataba wa bima husimama juu ya msingi wa pande mbili kuambiana kweli kikamilifu, na kwamba bima kamili kwa kawaida humlinda mtu hata kutokana na uzembe wake mwenyewe, lakini haimlindi kutokana na uongo wake. Maelezo yasiyo ya kweli ndiyo yanayoweza kuvunja madai yote. Lakini siku ile sikuyajua hayo. Niliandika nikiamini kwamba huenda nimepoteza gari na fidia yake, na usingizi wa usiku ule ulikuwa mwema kuliko wa usiku uliotangulia.

Mkadiriaji wa hasara alikuja kutoka Kitale, takriban kilomita 300 kusini mwa Lodwar. Alilizunguka gari kwa nusu saa, akachovya kidole kwenye oili iliyogeuka rangi kama ya chai ya maziwa, akasema limekufa. Haikumaanisha kwamba haliwezi kutengenezwa, bali kwamba gharama ya kulitengeneza imekaribia thamani yake. Nilikuwa nimelikatia bima kwa shilingi 900,000, nikadhani nitalipwa hizo. Sivyo. Mkataba wangu ulisema hulipwa thamani ya sokoni ya siku ya ajali, au kiasi kilichokatiwa bima, kilicho kidogo baina ya hivyo viwili. Thamani ilikadiriwa kuwa shilingi 780,000. Ikatolewa asilimia 5 ambayo mwenye gari hujibebea mwenyewe, nikabakiwa na 741,000. Na lau singekubali kuongeza ada ndogo ya kinga ya mafuriko, ambayo nilikaribia kuifuta nikijisemea kwamba nakaa jangwani, nisingepata kitu.

Wakanipa hiari nyingine: nikitaka mabaki ya gari, watanikata shilingi 160,000 niyachukue. Hapo ndipo uchaguzi wangu ulipoanza.

Fundi mmoja alinishawishi niyachukue. Alidai kwamba kwa shilingi laki mbili angelirudisha barabarani, na nikitaka kuliuza, mnunuzi wa mbali asingejua kitu. Kulitumia mwenyewe nisingeweza, maana maji ya tope yakishaingia kwenye nyaya za umeme na mifuko ya hewa, gari laweza kuzima au kukosa kukulinda siku usiyoitarajia. Kuliuza bila ya kusema kungekuwa kumtupa mtoto wa mwingine katika laga ileile niliyotolewa wangu. Nikawaachia kampuni mabaki yao, nikatia sahihi hati za kuhamisha umiliki, nikakabidhi funguo.

Gari la pili lililonijia moyoni lilikuwa Land Cruiser Prado la dizeli. Hili sikulitamani peke yangu; karibu kila mwanamume aliyenipigia simu alilitaja. Limeinuka, lina nguvu katika magurudumu yote manne, na laga ndogo kama ile lingeikanyaga kama dimbwi. Lililotumika nililoliona lilitakiwa shilingi 2,700,000. Sikutaka mkopo wa riba, lakini njia ilikuwapo: tangu mwaka 2008 nchi yetu ina benki zinazofuata sharia, na kwa utaratibu wa murabaha benki hulinunua gari kisha ikakuuzia kwa faida inayotajwa wazi, ukalipa kidogo kidogo. Nilikaa na karatasi na kalamu kama ilivyo kazi yangu. Ningetoa fedha zote za bima, kisha kila mwezi kwa miaka minne ningelipa zaidi ya theluthi moja ya mshahara wangu. Karo ya watoto ingebana, dawa za mama yangu Malindi zingebana, lakini nilijiambia kwamba nanunua usalama wa watoto wangu, na mzazi gani huuwekea bei usalama wa mwanawe?

Nilimwonyesha mke wangu hesabu. Aliisoma yote, kwa kuwa si mtu wa kusoma nusu. Kisha akaniuliza, "Bwana, siku ile lau ungekuwa na Prado, ungengoja?"

Nilisema nisingekuwa na haja ya kungoja.

"Basi ungeingia," akasema. "Na siku ya maji makubwa zaidi ungeingia pia. Mimi sitaki gari litakaloyashinda maji. Nataka gari litakalokufundisha kungoja."

Nilikasirika, nami nakiri mbele yenu. Nilitoka nikaenda msikitini kabla ya wakati, nikaketi barazani. Na huko, ndugu zangu, hasira ilipopoa, nililiona jambo ambalo kwa miezi mitatu nilikuwa nikilikwepa. Benki ilikuwa halali na gari lilikuwa zuri, lakini nilikuwa nikitafuta gari la kunisitiri. Nilitaka kuamini kwamba mwanangu alikaribia kufa kwa sababu Fielder ni gari la chini, wala si kwa sababu baba yake alisikia neno la mtu mzima akalipuuza ili awahi chakula. Kila shilingi niliyotaka kuikopa ilikuwa ya kununua uamuzi huo. Sote tunaijua habari ya bedui aliyeuliza kuhusu ngamia wake, amfunge au amwache amtegemee Mungu. Mimi nilikuwa na swali la tatu: nimbadilishe ngamia?

Wiki iliyofuata nilikwenda kumshukuru yule mzee, nikampelekea sukari na majani ya chai. Alitaka kujua mtoto anaendeleaje, kisha akauliza habari za gari. Nilimweleza bima ilivyonilipa. Hakushangaa. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa bima ya mifugo, na Turkana na Wajir ndizo kaunti zilizotangulia. Yeye aliujua kwa kuusikia kwa jirani zake. Katika mpango huo hakuna aliyekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti ilipima ukijani wa malisho kutoka angani, na uliposhuka chini ya kiwango kilichowekwa, malipo yalitolewa. Nilimuuliza: mtu aliyepoteza ngamia kwa ukame, akipata fedha, hununua ngamia?

"Ngamia ni ya nini, na majani hakuna?" akasema. "Unanunua mbuzi. Mbuzi inazaa haraka, watoto wanapata maziwa. Ngamia itakuja siku yake."

Sikuhitaji mashauri mengine. Mke wangu na mzee yule hawajapata kuonana, lakini waliniambia jambo moja: mtu hanunui badala ya kile kilichokufa, hununua kile ambacho maisha yake ya sasa yanakihitaji na yanaweza kukilisha.

Basi nilianza upya kwa kujiuliza maswali madogo. Safari zangu ni zipi? Kilomita 120 za lami kwenda na kurudi mara moja kwa wiki, na mara chache njia ya mchanga. Abiria ni nani? Watu watano, na magunia yao ya mwisho wa mwezi. Likiharibika, nani atalitengeneza? Kwa majuma yote niliyokuwa bila gari nilisafiri kwa gari za abiria, nikaketi mbele na madereva makusudi niwahoji. Walikubaliana kwamba gari jema la huku ni lile ambalo vipuri vyake vipo Lodwar na fundi wake hahitaji kubahatisha. Gari ambalo kipuri chake hungojwa kutoka Nairobi kwa wiki mbili ni pambo.

Nikaelekea kwenye Toyota Probox, gari ambalo jamaa wa Mombasa walilicheka kwenye simu kwamba ni punda wa kubebea mkate na miraa. Nilikubali kicheko, maana punda ndiye aliyeijenga Lamu. Nilihofia jambo moja tu, nisije nikanunua gari ambalo nalo lilikufa mahali pengine likafufuliwa na fundi kama yule wangu. Kwa hiyo nilichukua likizo, nikateremka Mombasa, nikatafuta kwa siku nne. Haya ndiyo niliyojifunza. Magari yaliyotumika kutoka Japani hayaruhusiwi kuingia nchini yakipitisha miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza, lakini umri mdogo si ushahidi wa afya. Mengi yao hupitia minada ya huko, na kila gari la mnada huwa na karatasi ya ukaguzi. Itake, na ukiona daraja la R au RA ujue liliwahi kuumia likatengenezwa. Inua zulia lililo chini ya viti na uguse, kisha unuse. Tazama shimo la gurudumu la akiba, kwani tope hujificha hapo. Angalia kutu kwenye vyuma vya kiti, mahali ambapo maji ya mvua hayafiki. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho uone kama una mstari wa maji. Magari mawili niliyakataa kwa harufu peke yake. La tatu lilikuwa kavu, karatasi yake safi, nikalinunua kwa shilingi 690,000. Mbele ya muuzaji tulikamilisha uhamisho wa umiliki kwa njia ya mtandao kabla ya fedha ya mwisho kumfikia.

Bima nayo nilibadilisha, nikaikata kwa utaratibu wa takaful, ambao umekuwapo nchini Kenya tangu mwaka 2011. Humo wanachama huchangia mfuko mmoja, na aliyepatwa na msiba hufidiwa kutoka humo. Kinga ya mafuriko niliiandika ya kwanza.

Nililiendesha mpaka Lodwar kwa siku tatu, zaidi ya kilomita 1,000, bila ya haraka. Binti zangu walilikimbilia wakaingia. Mwanangu alisimama mlangoni. Tangu ajali alikuwa amepanda magari ya watu, lakini daima akishika mkono wa mama yake, na hakuwahi kuketi dirishani. Alilizunguka Probox, akainama kutazama chini yake.

"Baba," akasema, "hili ni la chini kama lile."

Nilimwambia ni kweli.

"Maji yakija?"

"Tutangoja."

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayekagua karatasi ya mnada. Hakupanda siku ile. Alipanda siku ya tatu yake, akaketi nyuma. Sikumhimiza. Nilikwisha kumvunjia neno moja mbele ya shahidi, na la pili lilihitaji kuthibitishwa kwa maji, si kwa kauli.

Maji yalikuja mwezi wa Novemba. Tulikuwa naye tena, tumekwenda kumsalimu yule mzee, na wakati wa kurudi laga ileile ikatukuta. Haikuwa kubwa, nusu ya gurudumu, pengine pungufu. Upande wa pili kijana mwenye gari refu la magurudumu manne alivuka akatupungia mkono, maji yakiruka pembeni. Nilizima injini. Mwanangu alishuka bila kuambiwa, akatafuta kijiti, akakichomeka kwenye mchanga pale maji yalipokomea, akarudi akaketi kando yangu, kwenye kiti cha mbele.

Tuliswali alasiri hapo ukingoni, na baadaye tukaswali na magharibi. Tulikula ndizi tulizomnunulia mama yake, akacheka kwa habari zangu za utotoni Malindi ambazo sikuwahi kupata wakati wa kumsimulia. Nyota zilipokwisha kutoka, alikwenda na tochi, akainama, kisha akarudi mbio.

"Kijiti kiko mchangani, Baba," akasema. "Sasa twaweza."

Tulifika Lodwar saa nne za usiku. Chakula kilikuwa kimepoa, na mke wangu hakuuliza kwa nini tumechelewa.

Wabillahi tawfiq.